Nani Analipa Fao Langu?

Binamu yangu yuko Leicester, Uingereza. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, analalamika. Ghala alilokuwa akifanya kazi limepunguza watu, naye ameomba msaada wa serikali, ule wanaouita Universal Credit, akaambiwa malipo ya kwanza yatachukua wiki tano. "Wiki tano, ndugu yangu! Mtu atakula nini wiki tano?"

Nilikuwa nimekaa barazani Kibokoni, saa nne asubuhi, saa ambayo mwanamume wa miaka 29 hapendi kuonekana barazani. Nikauweka ule ujumbe kwa sauti ya juu wenzangu wasikie. Tulikuwa watano. Mmoja alikuwa mpishi wa hoteli ya ufuoni mpaka hoteli ikafungwa. Mmoja ni fundi wa friji anayengoja kuitwa. Wawili wamemaliza chuo na hawajawahi kuajiriwa hata siku moja. Tulicheka mpaka mzee wa kahawa akageuka kututazama. Wiki tano! Kuna fomu, kuna tarehe, kuna afisa anayejua jina lako, na jamaa analia!

Kicheko kilipokwisha hakuna aliyesema neno. Maana binamu yangu hakukosea. Wiki tano bila pesa ni njaa, uwe Leicester uwe Kibokoni, na ana haki ya kupiga kelele. Tuliokosea ni sisi, tuliokwisha kuzoea hali yetu kiasi kwamba mtu akidai haki yake ije mapema tunamwona mchekeshaji. Naandika haya kwa sababu ya kicheko kile, na mimi nilikuwa wa kwanza kucheka.

Mgeni mara sita

Wacha nianze na yangu. Nilikuwa karani kwenye yadi moja ya makontena Shimanzi kwa miaka sita. Kazi yangu ilikuwa kusimama langoni, kuandika namba za kontena zinazoingia na kutoka, na kuangalia kama sili imeguswa. Mshahara shilingi 36,000 kabla ya makato. Mwisho wa Februari 2025 tuliitwa ofisini watu kumi na mmoja, kila mtu akapewa bahasha yake. Mzigo umepungua, barua ilisema, na kampuni imelazimika kupunguza wafanyikazi. Ilitushukuru kwa utumishi wetu na kututakia kila la heri.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, haina mafumbo. Ukipunguzwa kazi, upewe notisi isiyopungua mwezi mmoja, afisa wa leba naye ajulishwe, kisha ulipwe mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Miaka sita mara siku 15 ni siku 90. Kwangu mimi hiyo ni shilingi 108,000. Nililipwa 18,000. Maelezo ni kwamba kandarasi yangu ilikuwa ikianza upya kila Januari, kwa hivyo kwenye vitabu vyao sikuwahi kutimiza miaka sita. Nilikuwa mgeni mara sita.

Nikapeleka malalamiko kwenye ofisi fulani hapa kisiwani. Siitaji, kwa sababu karani wa pale si adui yangu, na nimeshakaa upande wa pili wa meza, najua mtu huambiwa aseme nini. Nikapewa namba ya faili. Mara ya kwanza kurudi, faili ilikuwa kwa mkubwa. Mara ya pili, mkubwa alikuwa safarini. Mara ya tatu nikaambiwa nirudi baada ya Idi. Nikarudi baada ya Idi ndogo. "Tulimaanisha Idi kubwa," karani akasema, akacheka, na mimi nikacheka naye, maana ungefanyaje? Idi kubwa nayo ikapita.

Kila safari natoka nyumbani kwa miguu, nashika Ndia Kuu, natokea Digo Road, bahasha ya kaki kwapani. Mamangu yuko mlangoni na karai lake.

"Mwanangu, wenda wapi na jua hili?"

"Nenda kuulizia faili, mama."

"Hawajakwambia bado?"

"Hawajanambia."

"Haya. Kunywa chai kwanza."

Hapa nataka tutenganishe mambo mawili, maana watu wengi huyachanganya. Pesa ninayoifuatilia kwenye faili ile ni deni. Ni jasho langu la miaka sita, na hata nikilipwa kesho asubuhi yote kamili, nitakuwa nimelipwa changu tu. Fao la kukosa kazi ni kitu kingine. Ni mfuko ambao kila mwenye kazi anautilia kidogo, mwajiri anatia, serikali inatia, ili siku kazi ikikuponyoka upate cha kukushika miezi michache ukitafuta nyingine. Kwa deni, nina faili isiyosonga. Kwa fao, sina hata faili. Sheria ya Kenya haijawahi kuweka mfuko wa namna hiyo.

Pesilipu yangu ya mwisho

Nimeihifadhi pesilipu ya Februari. Nakuandikia ilivyo. NSSF, asilimia 6: shilingi 2,160. Bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75: shilingi 990. Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5: shilingi 540. Jumla 3,690, kabla hujagusa kodi ya mapato. Kwenye NSSF na nyumba, mwajiri naye alitakiwa aongeze kiasi kama hicho.

Sina ugomvi na kuchangia. Nimelelewa kwenye mtaa ambao mtu akifiwa, kofia inapita kabla ya maiti kuoshwa. Ugomvi wangu ni huu: kila makato pale yana siku yake ya kunifaa, isipokuwa siku ile niliyokuwa nayo mimi. Ya uzee nitaipata nikifika miaka 60, au 50 nikistaafu mapema. Ya afya ni nikiugua. Ya nyumba ni nyumba ambayo huenda nikaiona na huenda nisiione. Siku ya kupewa bahasha, jambo linalomfika mfanyikazi mara nyingi kuliko kufika miaka 60, pesilipu nzima haina neno.

Na Katiba je? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii. Halafu kinaendelea, na hapa ndipo penye uzito: Serikali itawapa hifadhi inayofaa wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Hakijasema wazee peke yao. Hakijasema wagonjwa peke yao. Lakini ukitazama utekelezaji, kuna Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa wazee waliofika miaka 70, kwa jamaa zinazolea yatima, na kwa wenye ulemavu mkubwa. Pesa ni kidogo, na wanaoipata wanaistahiki, na zaidi. Ila kati ya yatima na mzee wa miaka 70 nimesimama mimi, umesimama wewe, imesimama Mombasa nzima yenye nguvu ya kubeba na isiyo na cha kubeba.

Siku moja nikajitoa ufahamu. Nikaingia ofisi moja kubwa ya serikali, nikapanga foleni, nikafika kwenye kaunta. Nikasema: naomba fomu ya mtu aliyepoteza kazi. Dada wa kaunta alikuwa mstaarabu. Alifikiri kwa kweli. Akaniuliza kama nimepoteza kitambulisho cha kazi. Nikamwambia la, kazi yenyewe. Akamuuliza mwenzake. Kisha akaniambia kwa upole: "Kaka, hiyo hatuna. Ila ya mkopo ipo."

Kwa mkopo serikali inanijua. Novemba 2022 Hustler Fund ilipozinduliwa, haikuhitaji pesilipu, faili wala bahasha ya kaki. Ulibonyeza namba kwenye simu, na mkopo wa kuanzia shilingi 500 ukaingia hapohapo. Nchi hii inaweza kumfikia fundi wa friji aliyekaa barazani Kibokoni kwa sekunde chache, mradi pesa iende kwake kama deni.

Kazi huenda kwa uamuzi

Kuna watu huzungumza kuhusu kukosa kazi kama wanavyozungumza kuhusu mvua. Imekuja, itapita, Mungu ndiye mjuzi. Mombasa hatuna ruhusa ya kuzungumza hivyo, kwa sababu sisi tumeona kwa macho kazi zikiondolewa kwa kalamu.

Agosti 2019 lilitoka agizo kwamba mizigo inayoingia bandarini ipande reli ya SGR iende kutolewa Nairobi. Agizo la karatasi moja. Waliokuwa wakiishi kwa makontena hapa, madereva na matanboi, makarani wa yadi, mama wa chapati wa Changamwe, fundi wa magurudumu wa Miritini, wote waliona siku zao zikikatwa. Watu wakaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Novemba 2020 Mahakama Kuu ikasema agizo lile lilikiuka Katiba. Na Septemba 13, 2022, siku aliyoapishwa, Rais Ruto akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa.

Tazama vizuri hesabu hiyo. Uamuzi wa kutuondolea kazi ulianza kutubana mara moja. Uamuzi wa mahakama ulichukua mwaka na zaidi. Tangazo la kurudisha lilichukua miaka mitatu. Katika miaka hiyo dereva aliyeuza kitanda chake alimpelekea nani risiti? Kosa likiwa ni la serikali kwa kauli ya mahakama, hapakuwa na mfuko hata mmoja ambao mtu angeweza kuubishia hodi.

Na mji huu si mgeni katika maneno haya. Sisi ndio watu wa kibarua. Neno lenyewe ni barua ndogo, kadi aliyopewa mfanyikazi wa kutwa ili aandikiwe siku alizofanya. Siku isiyoandikwa haina chakula. Januari 1947 wafanyikazi wa Mombasa, wa gati, wa reli, wa mahoteli, hata wa majumbani, waligoma siku 12. Walikusanyika kwenye uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia, kiongozi wao, alikamatwa mwaka huohuo na kupelekwa uhamishoni. Mwaka 1965 Kenya huru ikaanzisha NSSF kwa ajili ya uzee wa mfanyikazi, na ni jambo jema. Ila mlango wa siku isiyo na kazi, siku isiyoandikwa kwenye kadi, haukuwekwa wakati ule na mpaka leo haujawekwa. Tumebadilisha kadi kwa simu. Siku isiyo na kazi bado ni ya mwenyewe.

Daftari

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike, ambalo nimelizunguka toka mwanzo.

Mamangu hukaanga mahamri na kupika mbaazi za nazi, akauza mlangoni kuanzia alfajiri. Ana daftari la wanaokopa. Kila jina na deni lake: hamri nne, mbaazi za hamsini, atalipa Ijumaa. Usiku mmoja nililichukua nikatafuta jina langu. Halikuwamo. Miezi kumi nimekula, nimewashiwa umeme, nimewekewa kadi ya simu ili nipige kuulizia kazi, nimepewa za kutoa kopi za vyeti, na hakuna mahali nilipoandikwa.

Nikajiandika mwenyewe kwenye karatasi. Nilikadiria chini, shilingi 250 kwa siku. Siku 300. Shilingi 75,000.

Mahamri hayatoi 75,000 za ziada. Nilijua hivyo hata kabla ya kuuliza, na nadhani ndiyo sababu sikuwa nimeuliza. Nikamuuliza dadangu mdogo, ambaye alikuwa mwaka wa pili chuoni na tangu Septemba nilimwona nyumbani kila siku. Mimi nilikuwa nimeridhika na jibu lake kwamba wamefunga, kisha kwamba kuna mgomo wa walimu, kisha kwamba masomo ni ya mtandaoni. Safari hii akanitazama, akasema, "Nimeahirisha tu kidogo. Mpaka upate kazi." Akaendelea kuosha vyombo.

Ndipo nilipofahamu kwamba fao la kukosa kazi lipo Kenya. Lipo siku zote, linalipwa kila asubuhi, Mji wa Kale, Majengo, Bondeni, Tudor. Mimi nimelipokea miezi kumi bila kuchelewa hata siku moja. Mwajiri wangu hakutia shilingi. Serikali haikutia shilingi. Mfuko wote aliujaza msichana wa miaka 20, kwa ada yake, na hakuna aliyempa fomu ya kukubali au kukataa.

Wazee wetu wakisikia tunadai fao, husema sisi watu wa pwani tuna jamaa, tuna zaka, tuna sadaka, hatuhitaji mambo ya Kizungu. Nawaheshimu, na zaka ni nguzo. Lakini naomba tuwe wakweli kuhusu maana ya "tuna jamaa". Maana yake ni kwamba kuna mama anakaanga mpaka macho yanamuwasha moshi, na kuna binti anarudi nyumbani kimya kimya. Sadaka hutolewa na anayejua kwamba anatoa. Dadangu alikatwa.

Vuka Likoni

Tusiambiwe kwamba haya ni ya Wazungu. Panda feri ya Likoni, shika barabara ya Kwale, pita Lungalunga, vuka mpaka hadi Horohoro. Ni mwendo wa asubuhi moja, na watu wa ng'ambo ile ni ndugu zetu, wengine wa tumbo moja. Sheria za hifadhi ya jamii za Tanzania zina fao la upotevu wa ajira tangu mageuzi ya 2018. Aliyechangia miezi isiyopungua 18, kazi ikimtoka bila hiari yake, hulipwa theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Afrika Kusini nako mfanyikazi hukatwa asilimia moja, mwajiri akatia asilimia moja, mfuko ukasimama.

Sisemi kwa jirani ni peponi. Kule nako watu hungoja, na kibarua wa Kariakoo hana alichochangia. Lakini piga hesabu ya Tanzania kwa mshahara wangu. Theluthi ya 36,000 ni 12,000. Mara miezi sita, 72,000. Linganisha na ile karatasi yangu ya 75,000. Tofauti ni elfu tatu. Yaani kwa kanuni ya nchi ya jirani, dadangu angekuwa darasani.

Majibu yao

Nimeisema hoja hii kwenye kila baraza linalonivumilia, kwa hivyo majibu yenu nayajua.

La kwanza: watu watazoea kukaa. Theluthi ya mshahara kwa miezi sita, nani ataizoea? Nauliza kwa dhati. Jaribu kulipa kodi ya chumba Mji wa Kale kwa 12,000, ule, uvae, kisha uniambie kama umenogewa. Hoja hii pia inasahau jambo. Kati ya sisi kumi na mmoja tuliopewa bahasha, wanne wamerudi yadi ileile. Kazi ileile, lango lilelile, kwa shilingi 700 kwa siku kupitia kwa ajenti, bila NSSF, bila likizo, na siku ya mvua hawaitwi. Siwalaumu, wana watoto. Wangekuwa na miezi sita ya theluthi, wangeweza kusema hapana, na huyo ajenti angelazimika kupandisha bei. Ukimnyima mtu fao, utampata kesho kwa bei utakayo. Kuna watu wanalijua hilo vizuri, na ndio wa kwanza kutuita wavivu.

La pili: serikali haina pesa. Ushuru wa nyumba ulianza kukatwa 2023. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasema haukufuata Katiba. Machi 2024 ukarudi na sheria mpya, asilimia 1.5 kwa mfanyikazi na 1.5 kwa mwajiri. Miezi minne! Wakitaka jambo, sheria hupatikana, asilimia hupatikana, na mfumo wa kukata hupatikana hata mahakama ikikataa mara ya kwanza. Sasa tunajua kwamba asilimia moja na nusu ya mshahara inaweza kuchukuliwa Kenya nzima kwa mwezi mmoja. Mjadala uliobaki ni wa kutaka au kutotaka.

La tatu ndilo zito, na sitalipuuza. Zaidi ya asilimia 80 ya wafanyikazi wa Kenya wako kwenye jua kali. Hawana pesilipu, hawana mwajiri wa kuchangia. Msukuma mkokoteni wa Marikiti atadai fao kwa nani? Mfuko wa wenye pesilipu peke yao utakuwa dhuluma nyingine, utawafaa wachache waliokwisha kupata nafuu.

Nakubali. Kwa hivyo usiwe wao peke yao. Mwenye mkokoteni hulipa ada ya soko kila siku na hupewa risiti. Mwenye bodaboda hukopeshwa na serikali kwa simu. Mei 2020, korona ilipokuja na Mji wa Kale ukafungwa, askari walijua kila kichochoro cha kuingilia na kutokea. Kazi Mtaani ilipoanza mwaka huohuo, vijana waliandikwa, wakafagia, wakazibua mitaro, wakalipwa kwa simu. Ikaja, ikakoma, kwa sababu ilikuwa hisani na si haki. Ila ilionyesha kwamba asiye na pesilipu anaonekana. Anaonekana anapotakiwa kulipa, anapotakiwa kukopa na anapotakiwa kufungiwa. Tunachodai ni aonekane pia siku ambayo hana kitu.

Ninachotaka

Nataka sheria yenye jina lake, si ahadi kwenye hotuba ya Mei Mosi. Nataka mwajiri achangie, na anayepunguza watu wengi achangie zaidi, ili bahasha zimgharimu na yeye. Nataka serikali itie fungu kwa ajili ya wasio na mwajiri. Na nataka kitu kimoja kidogo ambacho nimejifunza kwa kuzunguka na bahasha: siku ya mwisho ya kujibu. Ukiomba, ndani ya siku kadhaa zilizoandikwa kwenye sheria, ujibiwe ndiyo au la, kwa maandishi, na sababu. Zikipita kimya, ihesabiwe ndiyo. Mtu akiambiwa la, atalia, kisha atapanga maisha yake. Anayeambiwa rudi baada ya Idi hawezi kupanga hata chakula cha jioni.

Juni 2024 kizazi chetu kiliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, kikaufasiri, kikausambaza kwa simu mpaka wabunge wakatutafuta wao. Hatukuhitaji kufundishwa kusoma sheria. Basi tusome na kifungu cha 43. Tukiulize kila mgombea anayekuja kutunywesha chai barazani: fomu yake iko wapi? Asijibu kwa T-shirt.

Binamu yangu wa Leicester alilipwa wiki ya sita. Alichelewa kwa siku nne, na ameandika malalamiko. Nimemwambia asiyaache, ayafuatilie mpaka mwisho.

Mimi kesho naenda kuulizia faili. Nikizipata zile elfu 90 zilizobaki, najua zinakwenda wapi, na hazitoshi kurudisha mwaka uliopotea. Dadangu amenitolea kopi nyingine za barua, amezipanga kwenye bahasha mpya, na juu yake ameandika namba ya faili kwa mwandiko wake mzuri wa shule.